Jinsi ya kufaidi warsha, mazungumzo na maonyesho ya laivu pale Tate Modern, London (mwongozo kamili)

Watu wengi wa kwetu hapa London ukiwauliza kuhusu Tate Modern, lile jumba kubwa la sanaa, jibu ni lilelile, nilienda mara moja na mgeni kutoka nyumbani, tukapiga picha kwenye lile ukumbi kubwa kama hangari la ndege, tukaona mto, tukaondoka. Sawa, hamna ubaya, ila nakwambia hapo umeondoka kabla ya utamu. Picha za ukutani zipo kila siku na hazikimbii popote, kinachokimbia ni yale yanayofanywa na watu wenyewe: msanii amekaa kwenye kiti anaulizwa maswali, warsha mnakata karatasi na kushona vitambaa, watu wanacheza dansi chini kwenye matangi ya zamani ya mafuta, Ijumaa usiku dijei anapiga na nyie mko katikati ya sanamu. Na mengi ni bure kabisa.

Shida ni kwamba ratiba yao imeandikwa kwa watu ambao tayari wanajua mambo yanavyokwenda. Kwa hiyo nimeandika huu mwongozo kwa anayeishi hapa, au anayekuja kutembea wiki mbili kwa shangazi yake Barking, na hajawahi kuingia kwenye hayo mambo akijua anachofanya.

Kwanza lijue jengo, maana litakupoteza

Tate Modern ilikuwa kituo cha kufua umeme, Bankside, upande wa kusini wa mto Thames. Aliyelichora ni Giles Gilbert Scott, yuleyule aliyebuni vile vibanda vyekundu vya simu. Umeme ulizimwa 1981, jengo likakaa tu, afu wasanifu wa Uswisi Herzog & de Meuron wakaligeuza kuwa makumbusho ya sanaa, likafunguliwa Mei 2000. Ule ukumbi mkubwa ndo walipokuwa wameweka mitambo, unaitwa Turbine Hall, una urefu wa zaidi ya mita 150 na kimo cha mita 35, na huwezi kulipa kuingia hata ukitaka kwa sababu ni kama uwanja wa wazi, unaingia tu.

Sa sikiliza hapa vizuri. Kuna majengo mawili yaliyoungana. La zamani lenye dohani la moshi linaitwa Natalie Bell Building, na jipya la matofali yaliyojipinda lililofunguliwa 2016 linaitwa Blavatnik Building. Chini kabisa ya hilo jipya ndo kuna Tanks, matangi ya zege ya mviringo yaliyokuwa yanahifadhi mafuta ya kituo, yalianza kutumika kwa maonyesho ya laivu mwaka 2012. Tiketi yako itakuambia jengo gani na ghorofa ya ngapi. Usidharau hiyo mistari miwili, manake ukipanda lifti ya jengo lisilo lako utajikuta ghorofa ya nne unatafuta daraja la kuvukia upande wa pili huku mazungumzo yameshaanza. Madaraja ya kuvuka yapo ghorofa ya kwanza na ya nne, basi, kwenye ghorofa nyingine utapanda na kushuka bila faida.

Hilo jina la Natalie Bell lenyewe lina stori nzuri. Mwaka 2018 msanii wa Cuba, Tania Bruguera, alikusanya majirani 21 wanaoishi au kufanya kazi kwenye postikodi moja na hilo jumba, akawauliza makumbusho yangebadilikaje ili yawe ya watu wa mtaa. Wao wakataka jengo lipewe jina la mama wa pale mtaani anayefanya kazi za jamii. Likapewa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema pale ni pa wenye pesa tu, mwambie jengo kuu lina jina la jirani.

Kipi bure, kipi cha kulipia

Kuingia bure. Mikusanyiko ya kudumu (kazi zao wenyewe zilizopo siku zote) bure. Turbine Hall bure. Matembezi ya kuongozwa ya kila siku bure. Usiku wa Late (ule wa Ijumaa wenye muziki) bure. Shughuli nyingi za watoto bure.

Unalipia maonyesho makubwa ya muda (yale yenye mabango kwenye stesheni za treni), mazungumzo na wasanii, filamu, warsha za watu wazima na baadhi ya maonyesho ya jukwaani. Bei inatofautiana tukio kwa tukio kwa hiyo sikupi namba ikakudanganya mwezi ujao, ila kuna njia za kushusha ambazo watu wetu hawazijui:

Kama una miaka 16 hadi 25 jiunge na Tate Collective, kujiunga ni bure na haijalishi unaishi nchi gani, tiketi za maonyesho zinakuwa pauni 5. Vijana wengi wa kwetu wanalipa bei kamili kwa kutojua tu. Watoto chini ya miaka 12 wanaingia bure kwenye maonyesho ya kulipia wakiwa na mtu mzima wa familia, hadi wanne kwa mtu mzima mmoja. Mwenye ulemavu analipa bei ya punguzo na anayemsindikiza haingii gharama. Na mtu mwenye kadi ya uanachama anaingia maonyesho yote, kwa hiyo kama unafahamiana na mwenye kadi ya kuingiza mgeni, huyo ni rafiki wa kumpigia simu mara kwa mara.

Chagua kwa kile utakachotakiwa kufanya

Hapa ndo watu wanakosea njia. Wanafungua ratiba, wanaona picha ya kuvutia na jina la msanii wasiyemjua, wanakata tiketi, wanafika wanakuta sio walichodhani. Mimi nasema usichague kwa msanii kama ndo unaanza. Chagua kwa swali moja: mwili wangu utafanya nini hapo kwa saa moja na nusu? Utatembea, utakaa, utatumia mikono, au utasimama katikati ya watu hujui pa kuangalia?

*Kutembea.* Matembezi ya kuongozwa ndo mlango rahisi kuliko yote. Unakutana na muongozaji, wengi wao ni watu wa kujitolea waliofunzwa vizuri na wanaopenda kazi yao mno, mnazunguka kazi chache, hamzunguki jumba zima. Huhitaji kujua chochote. Kama Kiingereza chako bado kinasuasua hapa ndo pa kuanzia kwa sababu kitu kinachozungumzwa kiko mbele ya macho yako, ukikosa neno unaangalia picha unaelewa. Simama mbele, usijifiche nyuma ya watu warefu. Na muulize, wanafurahi kuulizwa.

*Kukaa.* Mazungumzo, yaani msanii au mtunza mkusanyiko anahojiwa jukwaani, mara nyingi kwenye ukumbi wa sinema wa Starr ulioko ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani. Hii ya kukaa inategemea Kiingereza sana na watu wengine wanaongea kile Kiingereza cha vitabuni hadi unahisi umeingia kwenye mtihani. Dawa ni kuchagua msanii mwenyewe akiongea, badala ya jopo la wasomi wanne. Msanii anasimulia maisha yake, alikozaliwa, mama yake, kwa nini alitumia kitambaa na sio rangi. Jopo la wasomi linamjadili wakati hayupo. Tofauti ni kubwa.

*Mikono.* Warsha. Nitarudi kwake maana ina mambo mengi.

*Kusimama na kushangaa.* Maonyesho ya laivu, na hayo nayo yanataka maelezo yake.

Kukata tiketi bila kuumia

Fungua akaunti kwenye tovuti yao mapema, kabla hujaona tukio unalolitaka, kwa sababu siku unayoliona utakuwa na haraka. Nenda kwenye ukurasa wa ratiba, chagua Tate Modern (wana majumba manne, lingine hapa London ni Tate Britain, mengine yako Liverpool na St Ives, na nakuhakikishia kuna mtu kila siku anakata tiketi ya jumba lisilo lake), afu chuja kwa aina ya tukio. Soma mpaka chini. Kule chini ndo kumeandikwa kama kutakuwa na mkalimani wa lugha ya ishara, kama kuna taa za kumweka, kama ni kukaa sakafuni, na umri unaoruhusiwa.

Matukio ya bure yenye tiketi huisha haraka kuliko ya kulipia. Ukikuta yameisha usikate tamaa, rudi siku moja mbili kabla, na asubuhi ya siku yenyewe, maana waliokata bure ndo wa kwanza kughairi. Na wewe ukishindwa kwenda, rudisha. Kiti kitupu kwenye tukio lililojaa kinauma.

Saa sasa. Tiketi imeandikwa 18.30, sisi kichwani tunasoma kumi na mbili na nusu jioni, sawa, lakini ukimtumia shangazi meseji kwa haraka ukaandika "tukutane saa sita na nusu" kwa sababu umesoma 6.30, ameshakuja mchana. Ukiwa na familia mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza andika saa kwa namba za masaa 24, mtaokoa ugomvi.

Jumba linafunguliwa saa nne asubuhi kila siku isipokuwa tarehe 24 hadi 26 Desemba, na siku nyingi linafungwa saa kumi na mbili jioni. Ijumaa na Jumamosi siku hizi wanafunga saa tatu usiku, ila thibitisha kwenye tovuti wiki yenyewe unayokwenda.

Kufika na kuingia

Stesheni ya karibu ni Southwark kwa Jubilee line, au Blackfriars ambayo ina mlango upande wa kusini wa mto, unatembea dakika chache kando ya maji. Ila kama ni mara ya kwanza na hali ya hewa inaruhusu, shuka St Paul's uvuke kwa miguu kwenye Millennium Bridge. Kanisa liko nyuma yako, dohani liko mbele yako, na hilo daraja lilifunguliwa Juni 2000 likafungwa baada ya siku mbili kwa kuyumba, likarekebishwa hadi 2002. Sasa haliyumbi, vuka tu.

Kuna mlango wa upande wa mto na kuna mlango wa magharibi ambao ni ule mteremko mrefu unaokuingiza Turbine Hall. Mwenye kiti cha magurudumu au stroli ashuke huo mteremko au atumie mlango wa mto wenye lifti jirani. Mlangoni wanakagua mabegi, na begi la safari hawakuruhusu kuingia nalo, kwa hiyo usitoke airport moja kwa moja na sanduku ukasema utapitia. Makoti na mabegi madogo yanawekwa sehemu yake.

Panga ufike nusu saa kabla. Dakika kumi za ukaguzi, dakika kumi za kupotea, dakika kumi za choo na kutulia. Unaeza kuona nimezidisha, subiri Jumamosi ya mvua.

Kwenye mazungumzo: ukipewa maiki

Muundo wao haubadiliki sana, mwenyeji anamtambulisha mgeni, wanaongea kama dakika 45 hadi saa, afu maswali ya ukumbi. Anayetaka kuuliza ananyoosha mkono, mtu wa maiki anakuja.

Hapa ntaongea ukweli wa ndugu kwa ndugu. Kwetu ukipewa maiki unaanza na itifaki imezingatiwa, unamshukuru mwenyekiti, unasema wewe ni nani na umetoka mbali, afu unatoa maoni, swali linakuja dakika ya nne. Pale ukumbi utakuvumilia kwa uso wa upole huku watu wanaangalia saa. Andika swali kwenye simu yako wakati wa mazungumzo. Sentensi mbili. Ya kwanza inasema umeona nini ("kwenye ile kazi ya vitambaa umeandika maneno pembeni"), ya pili inauliza ("uliyaandika kabla au baada ya kuchora?"). Maswali ya jinsi kitu kilivyotengenezwa ndo yanamfanya msanii afunguke, yale ya "ujumbe wako kwa vijana ni upi" yanamfanya atoe jibu la kwenye gazeti.

Na usione aibu ya lafudhi. Nusu ya ukumbi wa London ni watu waliotoka kwingine. Tena kuna vitu utauliza wewe ambavyo hao wengine hawana hata pa kuvianzia. Chukua Lubaina Himid, amezaliwa Zanzibar 1954, akaletwa Uingereza akiwa mchanga, akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, 2017, na Novemba 2021 akafunguliwa onyesho kubwa hapo Tate Modern. Kwa miaka mingi amekuwa akifanyia kazi kanga, na maneno yake. Sasa hebu niambie, kwenye chumba kinachojadili kanga, mtaalamu ni profesa aliyesoma kuhusu kanga au ni bibi yako ambaye ana sanduku zima na anajua ipi alipewa kwa fumbo na jirani? Mpeleke bibi. Mtafsirie. Muulizie swali lake kwa niaba yake.

Warsha, hatua kwa hatua

Warsha za watu wazima zinawatisha watu kwa sababu moja, wanadhani lazima ujue kuchora. Hapana. Soma maelezo, ikiandikwa ni ya viwango vyote wanamaanisha hivyo, na nusu ya mtakaokaa nao hawajashika penseli ya kuchora tangu darasa la saba. Ikiwa ni ya waliobobea itaandikwa.

Kabla: vaa nguo usiyoionea huruma, mikono mifupi au inayokunjika. Kula, maana warsha za saa mbili tatu hazina mapumziko marefu. Vifaa kwa kawaida wanatoa wao, ukitakiwa kuja na kitu watakuambia kwenye imeili, kwa hiyo soma ile imeili mpaka mwisho hata kama ni ndefu.

Wakati: mara nyingi mnaanza kwa kwenda kuangalia kazi moja au mbili kwenye vyumba, afu mnarudi mezani. Wengi wanachukulia hiyo ziara ya mwanzo kama utangulizi wa kupoteza muda, wanachati. Usifanye hivyo, ndo darasa lenyewe, manake mkirudi utaambiwa ufanye kitu kwa njia uliyoiona kule. Angalia mkono umefanya nini: rangi imewekwa nene au nyembamba, kitambaa kimeshonwa au kimegundishwa, mstari umechorwa kwa kasi au polepole. Vyumbani ni penseli tu, kalamu ya wino na rangi hawaruhusu karibu na kazi.

Halafu kuna kile kipindi mwishoni cha kila mtu kuonyesha alichofanya na kusema machache. Sisi tunajifichaga hapo, "yangu mbaya." Usiseme mbaya. Sema ulijaribu nini na wapi ilikugomea, mwezeshaji atakuonyesha njia ya pili hapo kwa hapo na hiyo dakika moja ina thamani kuliko saa nzima iliyopita.

Baada: ukitaka jina la karatasi au gundi waliyotumia uliza papo hapo, upige picha ya pakiti. Ukiuliza kwa imeili wiki ijayo utasubiri sana.

Watoto

Kwa familia hii ndo hazina na ndo ninapowashangaa wazazi wanaolipa hela nyingi kwenye vile vituo vya kuchezea vya ndani. Tate Play ni mpango wa shughuli za bure za kucheza na kutengeneza vitu, mara nyingi hakuna haja ya kukata tiketi, unafika tu, na unanoga zaidi wakati shule zimefungwa. Ulianza kiangazi cha 2021 na msanii Ei Arakawa kuwaachia watu sakafu ya Turbine Hall waichore, sakafu nzima, watoto na baba zao wamepiga magoti na kalamu za rangi. Mwaka uliofuata wakaleta kile chumba cha Yayoi Kusama, nyumba nyeupe pe kila kitu, ukuta, sofa, kikombe, kila anayeingia anapewa stika za duara za rangi abandike anapotaka hadi weupe unapotea.

Ushauri: nenda asubuhi, mchana foleni ya wazazi wote wa London iko pale. Beba chakula, kafe zao si za kumlisha mtoto mwenye njaa ya kweli, kuna nyasi nje upande wa mto. Na mtoto mwenye kusumbuliwa na kelele waombe wale wahudumu vikinga masikio, wanaazima. Viti vya magurudumu pia wanaazima.

Maonyesho ya laivu

Sasa huku ndo kugumu na ndo ninapopenda mwenyewe. Onyesho la laivu kwenye jumba la sanaa sio tamthilia ya kukaa ukasubiri mwanzo, kati na mwisho. Mara nyingi hakuna viti. Mara nyingine linadumu saa tatu na unaingia na kutoka unavyotaka. Mara nyingine hujui kama limeanza.

Mwaka 2008 Bruguera huyohuyo wa majirani 21 aliwaingiza Turbine Hall polisi wawili juu ya farasi, wakaanza kuwapanga watu, rudi nyuma, sogea huku, kama kwenye maandamano. Watu wakatii. Hakuna aliyewaambia ni onyesho. Mwaka 2012 Tino Sehgal akawaweka watu wanaotembea na kukimbia ukumbini humo, ghafla mmoja anajitenga anakuja kwako anakusimulia jambo la maisha yake, la kweli, afu anaondoka. Hamna picha ukutani, hamna kitu cha kununua dukani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, mtu akikufuata akaanza kukuongelesha usikimbie ukidhani anataka mchango. Msikilize. Una haki pia ya kusema hapana kwa upole na kupita.

Ya pili, soma tahadhari. Wanaandika kama kuna uchi, moshi, taa za kumweka, sauti kubwa. Uchi upo mara kwa mara kwenye hii sanaa na kama umekuja na mama mkwe ni bora ujue kabla ya mlango kufungwa.

Ya tatu, viatu. Tanks ni zege tupu, unasimama au unakaa chini. Vaa viatu vya kusimama na nguo ya kukaa sakafuni, leta sweta maana kule chini pana ubaridi wake. Asiyeweza kusimama aombe kigoda, wanavyo, na usisubiri hadi umechoka.

Ya nne, simu. Picha za kawaida bila flashi kwenye vyumba vya mkusanyiko ni ruksa, kwenye onyesho la laivu ni hadi waseme. Hata wakiruhusu, piga moja uweke mfukoni.

Ya tano ni ya kukubali kutokuelewa kwa robo saa ya kwanza. Chagua mtu mmoja mchezaji, mfuate huyo tu kwa macho, au chagua sauti moja. Ukijaribu kushika kila kitu utachoka, utatoka, utasema wazungu wana mambo. Na wala sio wazungu tu. Faustin Linyekula, mcheza dansi na mtunzi wa Kongo mwenye kituo chake Studios Kabako kule Kisangani, alipangiwa onyesho kwenye Tanks Machi 2020, corona ikafunga milango, akalicheza matangini bila watazamaji mbele ya kamera. Video yake iliwekwa mtandaoni, na kwa mtu anayetaka kujizoesha kabla ya kwenda kwa miguu yake hiyo ni shule nzuri, unaona jinsi mwili mmoja unavyosimulia ukoo mzima na hakuna anayekubana mgongoni.

Meschac Gaba wa Benin naye 2013 alijaza vyumba pale kwa jumba lake mwenyewe la sanaa ya Afrika ya leo, kuna maktaba, kuna chumba cha michezo, kuna chumba cha harusi yake mwenyewe, kuna mbao za kujengea ambazo unakaa chini unajenga. Kwenye kazi kama hizo ishara ni hii: ukiona kiti, mbao au kalamu imewekwa bila kamba na bila mhudumu kukukazia macho, muulize mhudumu kama inaguswa. Usidhani ndiyo, usidhani hapana. Uliza. Wahudumu wa vyumba wanajua kuliko kibandiko cha ukutani na wengi wao ni wasanii.

Late, usiku wa Ijumaa

Kwa miaka mingi zimekuwa zikifanyika mara moja kwa mwezi, Ijumaa, kuanzia jioni hadi saa nne usiku. Muziki, warsha fupi za dakika ishirini, filamu fupi, mazungumzo, baa. Kuingia bure bila tiketi lakini kila kitu kidogo ndani yake kina foleni yake. Siri ni kufika mwanzoni kabisa, nenda moja kwa moja kwenye warsha au mazungumzo yenye nafasi chache, jiandikishe, ndo uje kwenye muziki baadae. Wanaofika saa mbili usiku wanapata dijei na foleni ya bia tu, halafu wanasema Late ni disko. Umati ni vijana sana na kelele ziko juu, kama unataka kuona picha kwa utulivu hii sio siku yake, chagua asubuhi ya Jumanne.

Ukienda kama kikundi, chama cha wanawake, darasa la Kiswahili la watoto la Jumamosi, madrasa au kanisa, waandikie mapema kabla ya kutokea watu ishirini mlangoni, wana utaratibu wa vikundi na mnaweza kupangiwa muda. Sema mapema pia kama wengi hamjui Kiingereza vizuri, na mje na mtu wenu wa kutafsiri ambaye ameshapita njia hiyo siku moja kabla, hata kwa nusu saa tu, ajue choo kiko wapi na kazi gani mbili tatu atasimama nazo.

Kurudi nyumbani baada ya Late, Jubilee line inatembea usiku kucha Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Southwark hukosi treni, ila wikiendi ndo wanapenda kufanya matengenezo, angalia kwenye simu kabla ya kuagana na wenzio. Basi nalo, ukilipa nauli moja kwa kadi ileile unapanda mabasi mengine bila kuongeza hela ndani ya saa moja.